Je, wajua kwa nini mtu asiyekujua huujua ugonjwa wa kompyuta yako?

Chukua mfano huu. Karani wa chama cha ushirika cha alizeti wilayani Kongwa ametumiwa faili la mauzo ya Machi 2024. Analibofya mara mbili, Excel inafunguka, anajumlisha magunia mwezi kwa mwezi. Machi ina mauzo ya siku moja tu. Desemba, ambayo haijafika, nayo ina mauzo. Fundi wa Dodoma mjini anatazama, anasema ni virusi, anapiga Windows upya. Tatizo liko palepale. Jioni karani anaweka swali kwenye jukwaa la watumiaji wa Excel, na mtu wa nchi nyingine, asiyeijua Kongwa wala alizeti, anamwuliza: "Tarehe zilizokaa kushoto mwa seli, si ndizo za kuanzia 13 na kuendelea?"

Ndizo. Amejuaje?

Jibu linalowajia wengi ni kwamba huko mtandaoni kuna mabingwa, watu walioisoma programu mpaka wakaimaliza. Mabingwa wapo kweli, lakini si wao wanaoliendesha jambo hili. Dhana hii inastahili kuvunjwa polepole kwa sababu ina madhara mawili: humfanya mtu aone aibu kuuliza, na humfanya fundi wa mtaani aonekane mjinga, wakati kosa lake kubwa huwa ni kwamba yuko peke yake.

Piga hesabu. Fundi anayehudumia kompyuta 5 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anaona kompyuta 1,500. Hitilafu inayoipata kompyuta moja kati ya 20,000 atakutana nayo, kwa wastani, mara moja katika miaka 13 hivi, na akikutana nayo ataiona kama muujiza. Sasa weka watumiaji 1,000,000 wa programu ileile. Hitilafu hiyohiyo imewapata 50. Tuseme 40 walikata tamaa, 5 walimlaumu shemeji aliyeazima kompyuta, na 5 waliuliza. Akipatikana mmoja tu kati yao aliyefumbua na kuandika alivyofumbua, inatosha. Huyo hahitaji kuwa bingwa. Huenda hajui kitu kingine chochote kuhusu Excel.

Madereva wa malori wanaoshuka Manyoni kunywa chai wanaishi kwa kanuni hii. Pale barabara zinaachana, wengine wanaelekea Singida na Mwanza, wengine Itigi na Tabora. Hakuna dereva mmoja anayejua hali ya barabara zote leo hii, lakini meza inajua: aliyepita asubuhi anasema wapi maji yamekata njia, wa pili anajua daraja lipi linatengenezwa. Wala huhitaji kuwauliza wote. Unahitaji kukaa kwenye meza ambayo yupo mmoja aliyepita unakokwenda.

Hapo ndipo penye sharti la pili, ambalo watu hulisahau: huyo mmoja lazima akutambue. Dereva akisema tu "njia mbaya", meza nzima inanyamaza. Akisema "nimekwama baada ya Itigi, tairi za nyuma, tope jekundu", mtu anainua kichwa. Mkulima wa zabibu wa Hombolo anayemwambia bwana shamba "mzabibu unaumwa" atarudishwa akalete jani. Akija na jani lenye unga mweupe, mazungumzo yanaanza pale. Swali la kompyuta nalo linahitaji jani. Jani lenyewe ni jina la programu na toleo lake, mfumo wa kompyuta, ulichofanya, ulichotarajia, kilichotokea, na mstari mmoja wa data halisi. Ujumbe wa kosa ukitokea, unakili neno kwa neno kwa Kiingereza chake, usiutafsiri. Maneno yale ndiyo ufunguo ambao wenzako 5 walioulizia kabla yako waliuandika vilevile.

Swali la karani lilifanya kazi kwa sababu lilikuwa na mistari miwili mifupi: "05/03/2024,alizeti,40" na "25/03/2024,alizeti,32". Aliyewahi kuumwa na nyoka huyu anamtambua kwa mkia. Excel haihifadhi tarehe kama maandishi, huihifadhi kama idadi ya siku kuanzia 1 Januari 1900. Tarehe 5 Machi 2024 ni 45356, na 3 Mei 2024 ni 45415. Faili la CSV, ambalo ndilo alilotumiwa karani, ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, kwa hiyo Excel inapolifungua hufuata mipangilio ya Windows ili kujua kipi kinatangulia, siku au mwezi. Kompyuta iliyoachwa kwenye mpangilio wa Marekani hutanguliza mwezi. Basi 05/03 inakuwa 3 Mei, na 25/03 inashindikana, maana hakuna mwezi wa 25, ikabaki maandishi. Namba hukaa kulia mwa seli, maandishi hukaa kushoto. Siku 12 za kwanza za Machi zinatawanywa kuanzia Januari hadi Desemba, siku moja kila mwezi, na 3 Machi pekee inabaki nyumbani. Siku 19 zilizosalia zinatoka kwenye jumla za mwezi bila onyo lolote. Ni uharibifu wenye nidhamu ya ajabu.

Dawa yake: fungua Control Panel, kisha Region, chagua English (United Kingdom), funga Excel, halafu fungua upya faili la CSV la awali. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kufungua faili ambalo Excel imeshalihifadhi kwa muundo wake yenyewe, .xlsx. Hilo haliponi, kwa sababu ndani yake tayari kuna 45415, na 45415 ni 3 Mei kwenye mpangilio wowote. LibreOffice, programu nyingine ya kazi kama za Excel, huuliza kabla ya kufungua CSV: bofya safu ya tarehe, chagua Date (DMY), yaani siku, mwezi, mwaka, na mipangilio ya Windows huhitaji kuigusa.

Kukutana namna hii si zao la intaneti. Mwaka 1955 watumiaji wa kompyuta ya IBM 704 waliokuwa eneo la Los Angeles waliunda kikundi, wakakiita SHARE, wapeane programu na ufumbuzi.

Ila meza ina kasoro zake. Jibu lililokuwa sahihi kwa toleo la 2010 linaweza kuharibu mambo kwenye toleo la leo, kwa hiyo angalia tarehe ya jibu kabla ya kulifuata. Watu 20 kukubaliana si uthibitisho, huenda wote walinakili kwa mmoja. Amri ya kufuta au kubadilisha mafaili usiipige kabla hujajua kila neno lake linafanya nini. Thamani ya haya yote kwa shilingi nayo ni ngumu kupima, kwa kuwa anayesoma jibu akapona haachi alama.

Vikundi vya WhatsApp vya watu wa IT wa Dodoma vina kasi nzuri, lakini havina kumbukumbu. Jibu la Jumanne limefunikwa na tangazo la kiwanja kufikia Alhamisi, na asiye mwanachama hawezi kulikuta kwa kutafuta mtandaoni. Mbaya zaidi ni ujumbe maarufu wa kufungia mada: "Imekubali, asanteni wakuu." Imekubali vipi? Hasemi.

Na usingoje Microsoft, kampuni yenye Excel, irekebishe, kwani kwa upande wake mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kuna jeni za binadamu zilizokuwa zikiitwa SEPT1 na MARCH1, ambazo Excel ilizigeuza kuwa tarehe, hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ikaamua kubadilisha majina yenyewe. Sasa ni SEPTIN1 na MARCHF1. Chaguo la kuzima ugeuzaji huo lilikuja 2023. Ukitaka ajabu nyingine, andika 60 kwenye seli ya Excel ya Windows kisha uigeuze iwe tarehe. Utaona 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwepo. Ni kosa lililorithiwa kwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya hesabu iliyoitangulia Excel, ili mafaili ya wakati ule yaendelee kufunguka, na bado limo.