Huna dalili, lakini umepima? Maswali na majibu kuhusu magonjwa ya zinaa yaliyojificha

Sina usaha, sina kidonda, mkojo hauniumi. Nipime ya nini?

Kwa sababu magonjwa haya mengi hukaa kimya. Klamidia ndiyo hodari wa kujificha: takribani wanawake 7 kati ya 10 walioambukizwa, na karibu nusu ya wanaume, hawahisi chochote. Kisonono humtoa mwanaume usaha, lakini kikiwa kwenye mlango wa kizazi, kooni au kwenye njia ya haja kubwa mara nyingi hakijitangazi. VVU, trikomona, homa ya ini aina ya B na virusi vya HPV (vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi) ni hivyo hivyo.

Kama hauumi, unanidhuru nini?

Bakteria wa klamidia huzaliana ndani ya seli za mlango wa kizazi, kisha hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi. Mwili unapopambana nao, mirija hubaki na makovu. Hapo mwanamke anaweza kukosa kushika mimba, au mimba ikatunga nje ya mji wa mimba, ikapasuka na kumwaga damu tumboni. Wengi hugundua wakati wanatafuta mtoto, miaka mingi baadaye, na dawa haziondoi kovu. Hilo ndilo linalotufanya tusisitize kupima mapema.

Nilipata kidonda sehemu za siri, kikapona chenyewe. Si yameisha?

Hapana, tafadhali kapime kaswende. Kidonda chake huwa kigumu, hakiumi, na hutokea kati ya siku 10 na 90 baada ya kuambukizwa, kwa wastani siku ya 21. Hupona ndani ya wiki 3 hadi 6 hata usipotumia dawa. Kikiwa ndani ya uke hukioni kabisa. Kilichopona ni ngozi tu. Bakteria wamo kwenye damu, na baadaye wanaweza kuharibu ubongo, macho na moyo. Mjamzito anaweza kupoteza mtoto tumboni, ndiyo maana damu yake hupimwa kaswende tangu hudhurio la kwanza la kliniki.

Nipime muda gani baada ya ngono isiyo salama?

Ukipima kesho yake, majibu safi hayana maana. Kwa klamidia na kisonono subiri wiki 2. Kwa kaswende na kipimo cha haraka cha VVU, majibu ya mwanzo yanaweza kukosea, hivyo rudia siku ya 90. Ila kama unahofia VVU, usisubiri: fika kituo cha afya ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, uanzishiwe dawa za kinga za siku 28.

Mkojo wa kupima klamidia unachukuliwaje?

Hapa wengi hukosea. Kaa angalau saa 1 bila kukojoa, kisha kinga mkojo wa mwanzo kabisa, mililita 20 hadi 30 tu. Mkojo wa katikati, ule wa kupimia UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), huwa umeshapoteza bakteria walioko mlangoni mwa njia ya mkojo, na kikombe kikijaa wanachujuka. Kwa mwanamke, kijiti cha pamba anachojiingiza mwenyewe ukeni hufaa zaidi kuliko mkojo. Kama ulifanya ngono ya mdomo au ya njia ya haja kubwa, sema, kwa kuwa mkojo hauoneshi kilichoko huko.

Nikitibiwa mimi peke yangu?

Utaambukizwa tena. Klamidia hutibiwa kwa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 7. Mjamzito hupewa azithromaisini gramu 1 kwa mara moja. Wenzi wote wa siku 60 zilizopita watibiwe, na msikutane kimwili mpaka siku 7 zipite baada ya kila mmoja kumaliza tiba. Usigawane vidonge na mwenzi: nusu dozi haimponyi yeyote. Pima tena baada ya miezi 3. Ukipima kabla ya wiki 4, kipimo kinaweza kunasa mabaki ya bakteria waliokufa ukapewa dawa bure.

Nilitibiwa kaswende, mbona kipimo cha haraka bado ni chanya?

Hicho hupima antibodi, yaani alama ambazo mwili hutengeneza ukipambana na kaswende, na kwa watu wengi hubaki maisha yote. Omba kipimo kingine cha damu cha kaswende, RPR, chenye majibu ya namba: namba ikipungua hadi robo au chini yake, kwa mfano kutoka 1:32 hadi 1:8, dawa imefanya kazi. Tunza karatasi ya majibu hayo. Namba ikipanda tena mara nne, kwa mfano kutoka 1:8 hadi 1:32, huenda umeambukizwa upya.