Schafskälte: baridi ya kondoo

Wiki ya kwanza ya Juni, mkazi wa Hamburg ameshalikunja koti lake zito na kulipandisha juu ya kabati. Jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama karibu saa nne usiku. Halafu upepo unageuka, unaanza kuvuma kutoka kaskazini-magharibi, na joto la mchana lililokuwa nyuzi 24 linashuka hadi 14. Mvua inapiga robo saa, jua linatoka, nguo zinaanikwa, mvua inarudi. Mwenyeji ukimuuliza kuna nini, atakujibu kwa neno moja: Schafskälte.

Neno hilo hutamkwa karibu na “shafskelte”. Schaf ni kondoo, Kälte ni baridi. Kwa hiyo ni baridi ya kondoo, na maana yake ni kipindi cha ubaridi na manyunyu kinachoingia Ujerumani, Austria na Uswisi mwanzoni mwa kiangazi, hasa kati ya tarehe 4 na 20 Juni. Wengi hukitarajia karibu na tarehe 11.

Kondoo wameingiaje? Kondoo wa kule hunyolewa sufu mara moja kwa mwaka, kati ya Mei na Juni, kabla joto halijawazidi. Mnyama aliyenyolewa juzi hana koti. Baridi kavu ataivumilia, lakini mvua na upepo vikimkuta pamoja uwandani, mwili unapoteza joto haraka kuliko anavyoweza kulitengeneza, hata akila majani maradufu. Walio hatarini zaidi ni majike wanaonyonyesha na wana-kondoo, ndiyo maana wafugaji wa zamani walichelewesha kuwanyoa hao hadi baridi ipite. Ukifika Lüneburger Heide, nyika ya mchanga kusini mwa Hamburg, utawaona kondoo wenyewe: Heidschnucke, wa kijivu, wenye pembe, ambao watoto wao huzaliwa weusi.

Sasa tuje kwenye sababu, na hapa msomaji wa pwani yetu ana faida kuliko Mjerumani, kwa kuwa kusi na kaskazi anavijua tangu utotoni. Pepo za msimu huzaliwa kwa sababu nchi kavu hupata joto upesi na bahari hupata polepole. Ulaya nayo ina jambo la jinsi hiyo, ingawa ni dogo. Kufikia Juni bara limeshachemka, ilhali Bahari ya Kaskazini bado ina nyuzi 13 hivi. Hewa ya juu ya nchi kavu inapanuka na kupanda, mgandamizo unapungua, na hewa ya baharini, baridi na yenye unyevu, inaingia kujaza nafasi. Wapo wataalamu walioiita monsuni ya Ulaya. Mimi naona jina hilo limekuwa kubwa mno. Kusi likishaingia linakaa miezi, na nahodha anapanga safari kwa kulitegemea. Hii ya Ulaya huja kwa mawimbi, wiki hii ipo, wiki ijayo imetoweka, na mara nyingi inahitaji msukumo wa mgandamizo mdogo wa hewa uliotulia juu ya Skandinavia ili hewa ya ncha ya kaskazini iteremke hadi nyanda tambarare za chini.

Manyunyu yana kisa chake. Jua la Juni ni kali hata siku ya baridi, na linaipasha moto ardhi. Hewa iliyo kilomita kadhaa juu ni baridi sana. Hewa ya chini ikipata joto kidogo tu, inakuwa nyepesi kuliko ile iliyo juu yake, inapaa kama povu la maziwa yanayochemka na kugeuka wingu. Ndiyo maana asubuhi huwa safi, mawingu yanavimba kuelekea saa tano, mchana kunakuwa na vipindi vifupi vya mvua, pengine ngurumo na mvua ya mawe madogo, kisha jioni ardhi ikipoa kila kitu kinanywea. Anayepanga kuchoma nyama nje basi apange saa mbili usiku, giza bado liko mbali.

Watu huichanganya baridi hii na Eisheilige, “watakatifu wa barafu”, siku za tarehe 11 hadi 15 Mei zilizopewa majina ya watakatifu kama Pankratius na Sophie. Hizo za Mei huogopwa kwa jalidi, yaani umande ulioganda, inayoua miche. Baridi ya kondoo, huku tambarare, ni nadra kuleta jalidi, isipokuwa chini kabisa kwenye mchanga wa nyika na mabonde ya kinamasi. Milimani ni habari nyingine: kwenye Alpi theluji inaweza kuanguka juu ya malisho ambako ng'ombe wameshapandishwa.

Mwaka 1928 mtaalamu wa hali ya hewa wa München, August Schmauss, alizipa tabia kama hizi jina la kitaalamu: singulariti, yaani mkengeuko wa hali ya hewa unaojirudia karibu na tarehe ileile mwaka hadi mwaka. Katika kumbukumbu za zamani baridi ya Juni ilionekana miaka mingi kuliko iliyokosekana. Siku hizi haina uhakika huo, na magazeti yamezoea kubandika jina hili kwenye siku yoyote ya Juni yenye mawingu. Siku moja ya baridi haitoshi. Inatakiwa upepo ugeuke na hewa yenyewe ibadilike kwa siku kadhaa.

Shambani, mahindi husimama kukua na majani yake kugeuka manjano, na stroberi huoza kwenye unyevu. Asparaga, mboga ya machipukizi ambayo kwa desturi huvunwa hadi tarehe 24 Juni, huchipua polepole. Ngano na nyasi kwenye ile ardhi ya mchanga isiyoshika maji, kinyume chake, hushukuru kila tone.

Mchungaji mwenyewe hana tena uhuru wa kuchagua siku. Bei ya sufu mara nyingi hailipi hata gharama ya kunyoa, kwa hiyo kondoo ananyolewa kwa ajili ya afya yake, na wanyoaji ni mafundi wa kukodi wanaozunguka kutoka kundi hadi kundi kwa ratiba yao. Wakija siku mbili kabla ya upepo kugeuka, kundi hulala zizini.