Folda ya picha za nyufa si ufuatiliaji

Siku hizi kila karakana ya mitambo mizito inajigamba kwamba "inafuatilia nyufa kidijitali". Ukiomba kuoneshwa, unafunguliwa folda ya picha: ufa kwenye bumu (mkono mkubwa) la ekskaveta, ufa kwenye chesisi ya lori la mgodini, kidole cha mtu kikielekeza. Ni mashine ipi, upande gani, na ufa ulikuwa na urefu gani ukaguzi uliopita? Kimya.

Kwa kifupi, kufuatilia nyufa kidijitali ni kuupa kila ufa namba yake kwenye mfumo wa kompyuta, na kila unapokaguliwa kuandika chini ya namba hiyohiyo mahali ulipo, urefu wake, saa za kazi za mashine na uamuzi uliotolewa.

Watu hukwama kwenye "kufuatilia". Picha inakwambia ufa upo. Haikwambii unakwenda kasi gani, na kasi ndiyo inayovunja bumu. Ndoo inapojaa na kumwagwa, chuma kinabanwa na kuachiwa, na ncha ya ufa inaweza kusogea kidogo mno. Kwa kawaida ufa ukirefuka unazidi kushika kasi, hata mzigo ukiwa uleule. Mhandisi Mmarekani Paul Paris na wenzake waliliweka hilo kwenye hesabu tangu miaka ya 1960. Ndiyo maana ufa wa milimita 80 uliotulia kwa saa 1,000 za kazi unaweza kusubiri, ilhali ule wa milimita 30, uliokuwa milimita 15 saa 250 za kazi zilizopita, unataka uamuzi leo.

Nimesema saa za kazi, si tarehe. Mashine iliyolala mwezi mzima ikisubiri vipuri itakuonesha ufa mtulivu, nawe utafurahi bure.

Kipimo nacho kina masharti. Nyufa nyingi huanzia ukingoni mwa mshono wa weldi, na macho huwa hayaioni ncha yenyewe. Safisha mpaka kwenye chuma, tumia rangi ya kupenyeza (inayoingia ndani ya ufa na kuuonesha wote), pima ncha hadi ncha, gonga alama ya panchi kwenye kila ncha. Safari ijayo tumia njia ileile. Ukipima leo kwa macho na kesho kwa rangi, ufa "utakua" bila kukua. Na usipake rangi ya mashine juu ya ufa. Jukwaa la wafanyakazi wa mafuta la Alexander L. Kielland lilipopinduka Bahari ya Kaskazini mwaka 1980 na kuua watu 123, wachunguzi walikuta rangi ndani ya ufa: ulikuwepo tangu ujenzi.

Wapo pia wanaoufuta ufa kwenye mfumo mara tu ukishachomelewa. Jamani, msiufute. Andikeni "umerekebishwa" na historia ibaki. Ukirudi palepale, huenda tatizo ni mzigo au umbo la sehemu ile, wala si mkono wa fundi. Na zile picha msizitupe: wekeni rula kando ya ufa, andikeni namba ya mashine na saa zake, kisha ziingizeni chini ya namba ya ufa wake.