Je, wajua? Kwa nini timu ya kikapu ya chuo huporomoka kocha akiondoka kwa kashfa

Msimu wa 2008-09, Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, kilicheza mechi 31 za mpira wa kikapu kikashinda 6. Katika ligi yake, Big Ten, kilishinda 1 kati ya 18. Hiki ni chuo chenye mataji 5 ya taifa, na kikosi chake cha 1976 ndicho cha mwisho kwa wanaume kutwaa ubingwa bila kufungwa hata mara moja. Msimu mmoja tu kabla ya balaa hilo kilikuwa kimeshinda mechi 25.

Kilichopita katikati ni kuondoka kwa kocha Kelvin Sampson, Februari 2008, kwa sababu ya simu. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilikuwa na kanuni kali kuhusu kocha kuwapigia simu vijana wa sekondari anaotaka kuwasajili. Sampson alikuwa ameshaadhibiwa kwa simu zaidi ya 550 alizowapigia vijana akiwa Chuo Kikuu cha Oklahoma. Alipofika Indiana, yakajirudia.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba adhabu ya NCAA ndiyo iliyoiangusha Indiana, na bado nasikia watu wakisema hivyo. Sivyo. Hukumu ilitoka Novemba 2008, wakati kikosi kilikuwa kimeshasambaratika miezi kadhaa. Tena itazame yenyewe: miaka 3 ya uangalizi, na nafasi moja ya ufadhili wa masomo ambayo chuo kilijipunguzia chenyewe. Timu wakati huo iliruhusiwa wachezaji 13 wa ufadhili. Ukitoa mmoja wanabaki 12, na wanaocheza uwanjani kwa wakati mmoja ni 5. Hawakufungiwa mashindano yoyote. Mzigo mzito alitwishwa Sampson: kwa miaka 5, chuo ambacho kingetaka kumwajiri kilipaswa kwanza kujieleza mbele ya NCAA. Mwaka 2012 NCAA yenyewe iliondoa kikomo cha simu hizo kwa kikapu cha wanaume, na mwaka 2025 Sampson alikifikisha Chuo Kikuu cha Houston fainali ya taifa, kikafungwa na Florida 65-63.

Wala si kwamba kocha aliondoka na maarifa yake. Indiana hiyohiyo ilimfukuza Bob Knight Septemba 2000, baada ya misimu 29 na mataji 3. Msaidizi wake, Mike Davis, akashika timu, na mwaka 2002 akaipeleka fainali. Kocha mkubwa zaidi katika historia ya chuo ameondoka kwa kishindo, na timu haikuanguka.

Tofauti iko kwenye shina la mgomba. Mkulima wa Kagera haachi shina lijae ovyo. Hubakiza mama anayebeba mkungu, mtoto anayekua pembeni, na mjukuu aliyechipua juzi. Mama akikatwa, mtoto ameshafika kimo. Timu ya chuo huishi hivyohivyo, kwa sababu mchezaji ana miaka 4 tu ya kucheza. Wa mwaka wa nne wanabeba mechi, wa pili wanajifunza kwao, na kijana aliye bado sekondari ameshaahidi kuja. Kocha ni mkulima. Akiondoka, shina linaweza kuendelea kuzaa.

Knight alipoondoka, wachezaji walitishia kuhama kama msaidizi asingepewa timu. Akapewa, wakabaki: mama, mtoto na mjukuu wote shambani. Mwaka 2008 shina liling'olewa. Eric Gordon na D.J. White walikwenda NBA, Jordan Crawford akahamia chuo cha Xavier, wengine wakafukuzwa. Kocha mpya, Tom Crean, aliwakuta wachezaji wawili tu, ambao kwa pamoja walikuwa wamefunga pointi 36 msimu mzima uliotangulia. Mgomba mpya haukubali kuharakishwa. Alishinda mechi 6, kisha 10, kisha 12, kisha 27.

Desemba 10, 2011, Indiana iliifunga Kentucky, namba moja nchini, 73-72 kwa mtupo wa sekunde ya mwisho. Aliyetupa ni Christian Watford wa mwaka wa tatu. Aliyempasia ni Verdell Jones III wa mwaka wa nne, aliyekuwepo tangu msimu ule wa ushindi 6. Victor Oladipo alikuwa wa mwaka wa pili, Cody Zeller wa kwanza. Vizazi vyote vinne vilikuwa vimerudi.

Visa viwili haviwi kanuni, na huenda Septemba ilimsaidia sana Davis: masomo yalikuwa yameanza, na wakati huo aliyehama alilazimika kukaa nje mwaka mzima. Sharti hilo sasa halipo, na hapo mfano wa mgomba unaanza kupwaya. Chuo Kikuu cha Louisville kilishinda mechi 8 tu msimu wa 2023-24. Kocha mpya, Pat Kelsey, akakusanya kikosi kutoka vyuo vingine: Chucky Hepburn kutoka Wisconsin, Terrence Edwards kutoka James Madison, Reyne Smith kutoka Charleston alikokuwa Kelsey mwenyewe. Akashinda 27 kwa mwaka mmoja. Lakini wote watatu walikuwa kwenye mwaka wao wa mwisho, na msimu ulipokwisha Kelsey akarudi kutafuta wengine.