Je, kila anayetumia kiti cha magurudumu lazima asukumwe?

Wengi huamini kwamba kijana anayetumia kiti cha magurudumu lazima awe na mtu wa kumsukuma, hivyo hawezi kujitegemea. Imani hii inaeleweka: viti tulivyozoea kuviona ni vya hospitalini, vizito na vipana, vilivyotengenezwa ili mhudumu asukume.

Kiti cha kila siku ni kingine. Hupimwa kulingana na mwili wa mtumiaji. Akiweka kiganja juu ya gurudumu kubwa, kiwiko kinapaswa kukunjika kiasi. Kikinyooka kabisa, amekaa juu mno na mabega yatachoka mapema. Asiye na nguvu za mikono anaweza kutumia kiti cha mota.

Mara nyingi kinachomkwamisha ni jengo, na hilo unaweza kulihakiki mwenyewe kwa futi ya kupimia. Viwango vingi vya ujenzi hutaka mlango uache nafasi wazi ya sentimita 80 hivi, na mteremko usiozidi 1 kwa 12. Yaani kidato cha sentimita 15 kinahitaji njia ya mteremko yenye urefu wa sentimita 180. Ubao mfupi uliolazwa juu ya ngazi (na ndio unaoonekana zaidi) humfanya hata mwenye mikono imara aombe msaada, kisha tunasema hawezi.

Wapo kweli wanaohitaji msaidizi wa kuwavisha au kuwaogesha. Hata hao, kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006 kinatambua haki yao ya kuchagua waishi wapi na nani.