Dawa tatu na presha haishuki: tezi za juu ya figo zimepimwa?

Tezi za adrenali ni nini?
Ni tezi mbili ndogo, moja juu ya kila figo. Hutoa homoni, mojawapo aldosteroni inayobakiza chumvi mwilini, nyingine adrenalini inayoukimbiza moyo. Uvimbe ukiota humo, homoni huweza kuzidi na presha ikapanda.

Nani apimwe?
Anayemeza dawa tatu ipasavyo, mojawapo ya kukojoza, na presha yake bado inasoma 140/90 au zaidi. Mwenye presha na potasiamu (madini ya damuni) ya chini. Aliyeanza presha kijana. Na yeyote anayeshikwa kwa vipindi na kichwa, jasho na moyo kwenda mbio. Vipimo huanza kwa damu au mkojo, kisha picha ya CT.

Si nibadilishe dawa kwanza pale dukani?
Hapana. Mtu mwenye uvimbe wa adrenalini akiuziwa propranolol au atenolol ya "kutuliza moyo" kabla ya dawa ya kulegeza mishipa, presha inaweza kuruka ghafla na kumletea kiharusi. Hilo la kuhangaika dukani miaka na miaka ndilo linaloumiza watu.

Daktari ameniandalia upasuaji, nami nasikia kizunguzungu kwa doxazosin. Niache?
Usiache! Dawa hiyo ya kulegeza mishipa hutumika siku 7 hadi 14 au zaidi kabla ya upasuaji wa uvimbe wa adrenalini, pamoja na maji na chumvi ya kutosha kama daktari alivyoelekeza. Ukiiacha, tezi ikiguswa tu mezani presha inaweza kulipuka. Inuka polepole, na mweleze daktari apange dozi.

Upasuaji wenyewe ukoje?
Mara nyingi ni matundu madogo na kamera. Tezi yenye uvimbe hutolewa yote. Iliyobaki kwa kawaida inatosha. Aldosteroni ikizidi pande zote mbili, kwa kawaida hatukati. Spironolactone, dawa inayozuia aldosteroni, ndiyo tiba. Ndiyo maana, kabla ya kukata, mara nyingi damu huchukuliwa kwenye mshipa wa kila tezi: CT pekee inaweza kuonyesha upande usio wenyewe.

Siumwi popote. Nisubiri mwakani?
Hapana, usisubiri. Presha ikikaa miaka mingi mishipa hukakamaa, na hata tezi ikitolewa wengine hubaki na dawa maisha yote. Anayewahi ndiye mwenye nafasi kubwa ya kuziacha, na ni daktari anayezipunguza, kwa wiki au miezi, akipima presha na potasiamu.