Je, wajua kwa nini utafiti wa malaria unamhitaji mhasibu, dereva na mjumbe wa nyumba kumi?

Kijana wa Dar es Salaam akimaliza kidato cha pili na kutakiwa kuchagua masomo, huambiwa kwamba anayetaka kufanya kazi kwenye utafiti wa afya ana njia moja tu: fizikia, kemia na baiolojia, halafu udaktari. Hesabu zikimpiga chenga, au akiwa mtu wa historia na jiografia, ndiyo basi tena. Walimu na wazazi husema hivyo kwa nia njema. Lakini si kweli, na ushauri huo unatunyima watu ambao utafiti unawahitaji sana.

Hata aliyeanzisha kituo cha utafiti ambacho leo tunakiita Taasisi ya Afya Ifakara hakuwa daktari wa binadamu. Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alikuwa mtaalamu wa elimu ya wanyama. Alifika Ifakara, kwenye bonde la Kilombero, mwaka 1949, akawa anawachunguza papasi na mbung'o wanaoeneza maradhi. Mwaka 1957 maabara ndogo ikafunguliwa palepale. Miaka ikaenda, Watanzania wakaishika: mwaka 1996 ikawa asasi ya udhamini iliyosajiliwa nchini, na mwaka 2008 ikapewa jina lake la sasa. Leo ina ofisi Mikocheni hapa Dar es Salaam, ina kituo cha majaribio ya chanjo na dawa Bagamoyo, na bado iko Ifakara ilikozaliwa.

Kwa nini basi mahali kama hapo pasijae madaktari watupu? Kwa sababu kinachozalishwa pale ni ushahidi. Hospitali inamtibu mgonjwa aliyekuja. Utafiti unauliza jambo ambalo mgonjwa mmoja hawezi kulijibu: watoto elfu moja waliopata kinga hii, je, waliugua mara chache kuliko elfu moja ambao hawakuipata? Ili jibu lipatikane, watoto lazima watafutwe, wazazi waridhie, damu ichukuliwe na ifike maabara ikiwa salama, majibu yasomwe, takwimu ziingizwe, fedha zitoke kwa wakati. Kila hatua ina mwenyewe anayeijua. Mmoja akizembea, jibu la mwisho huwa la uongo, hata kama kiongozi wa utafiti ana shahada tano.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko hapahapa jijini. Mwaka 2004 mamlaka za jiji na watafiti, wakiwemo wa Ifakara, walianzisha mpango wa kudhibiti malaria mjini katika kata 15: tano Ilala, tano Kinondoni, tano Temeke, enzi hizo manispaa zikiwa tatu tu. Mpango ulikuwa ni kumuua mbu angali kiluwiluwi majini, kabla hajaota mabawa. Silaha yao kuu ilikuwa bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis, kwa kifupi Bti. Kiluwiluwi akimla anakufa, wakati binadamu na samaki hawadhuriki. Kumwaga dawa hiyo ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kujua maji yako wapi.

Anofelesi, mbu wa malaria, hupenda kutaga kwenye maji ya wazi yanayopigwa na jua. Kwa Dar es Salaam hayo ni madimbwi ya masika, mitaro iliyoziba, alama za matairi kwenye njia ya vumbi, na maji yanayotuama kati ya matuta ya matembele na mchicha kule mabondeni. Dimbwi la leo wiki ijayo limekauka na jingine limezuka nyuma ya nyumba, kwa hiyo kila mtaa ulipaswa kupitiwa kila wiki, mwaka mzima. Mpango ukawachukua wakazi wa mitaa yenyewe, waliopendekezwa na viongozi wao, wawe wakaguzi, kila mmoja akakabidhiwa eneo lake kwa kufuata mashina ya nyumba kumi. Wajumbe wa mashina, watu ambao hawajawahi kuvaa koti la maabara, ndio waliojua shina linaanzia wapi na linaishia wapi. Ramani za kwanza zilichorwa kwa mkono, kisha zikalinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani. Ndipo vikaonekana vipande vya ardhi ambavyo hakuna shina lililovidai, na ambavyo mkaguzi wa mtaa asingevifikia kwa sababu havikuwa vya mtu. Aliyeviona ni mtaalamu wa ramani, yaani yule mwanafunzi wa jiografia aliyeambiwa hana nafasi.

Yaliyofuata yanavutia zaidi. Watafiti, akiwemo Mtanzania Prosper Chaki, walirudi nyuma ya wakaguzi wa mitaa kuangalia ni madimbwi gani yalikuwa yamewapita. Wakakuta kwamba moja ya vikwazo vikubwa ni uzio. Geti limefungwa, mlinzi hajaachiwa ruhusa, mwenye nyumba yuko kazini; na ndani ya ukuta kuna maji yaliyosahaulika. Ilionekana pia kwamba mkaguzi asiyefahamika na wenyeji wa pale hukosa mengi. Kubisha hodi kwa adabu, kumsalimia mlinzi kwa jina, kumweleza mama mwenye nyumba ulichofuata bila kumtisha: hayo ni maarifa ya kazi, na bila hayo takwimu za malaria za kata nzima hupinda. Dawa ilianza kumwagwa Machi 2006 katika kata tatu, Buguruni, Kurasini na Mikocheni, na maambukizi ya malaria yakapungua katika kata hizo. Ripoti ya kisayansi ikatoka mwaka 2009. Ukiisoma, ujue kwamba nyuma ya kila namba kuna mtu aliyeingia bondeni na viatu vyake vya mpira.

Lakini namna gani unajua kwamba mbu wamepungua? Lazima wahesabiwe. Kwa miaka mingi njia iliyoaminika ilikuwa ni mtu kukaa usiku miguu ikiwa wazi, tochi mkononi, na kumvuta kwa mrija mbu anayetua kabla hajamuuma. Kazi huanza saa kumi na mbili jioni na kwisha saa kumi na mbili asubuhi, na mbu wa kila saa huwekwa kwenye kikombe chake ili ijulikane waliuma lini. Kutokana na kukesha huko ndipo ilipofahamika kuwa mbu wa malaria wa Dar es Salaam huuma sana nje ya nyumba, saa ambazo watu bado wamekaa barazani na hakuna aliyeingia kwenye chandarua. Ni ugunduzi mkubwa, na umetoka kwa watu ambao wengi wao hawakufika chuo kikuu. Kazi hiyo ina hatari, ndiyo maana waifanyao hupewa kinga au kupimwa na kutibiwa mara kwa mara, na ndiyo maana watafiti wa Ifakara walibuni mtego wa hema: mtu analala ndani akiwa amekingwa na wavu, mbu wanaomfuata wananaswa bila kumfikia.

Tutoke jijini, tufuate barabara ya Bagamoyo. Huko, kati ya mwaka 2009 na 2014, kulifanyika sehemu ya jaribio kubwa la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Vituo vilikuwa 11 katika nchi saba za Afrika, watoto 15,460. Tanzania ilikuwa na viwili, Bagamoyo na Korogwe. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, na miaka miwili baadaye likapendekeza ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo pamoja na sehemu nyingine.

Katika jaribio kama lile, mfamasia ana kazi ya pekee. Yeye anajua mtoto yupi anapata chanjo ya malaria na yupi anapata chanjo nyingine ya kulinganishia, na hatakiwi kumwambia mtu. Kwa kuwa dawa zenyewe hazifanani kwa macho, bomba la sindano hufunikwa kwa utepe usiopitisha mwanga. Daktari atakayempima mtoto baadaye hajui, mama hajui, wala aliyesoma damu hajui. Wangejua, hata mtu mwaminifu angeanza kuona alichotarajia kukiona. Mfamasia huyo huitunza siri hiyo kwa miaka.

Kisha kuna msomaji wa hadubini, na hapa naomba nikae kidogo. Tone la damu linatandazwa kwenye kioo, linatiwa rangi ya Giemsa, linakauka. Msomaji anahesabu vimelea huku akihesabu chembe nyeupe za damu hadi zifike 200, ndipo anakadiria vimelea ni vingapi katika damu ya mtoto. Msomaji wa pili anarudia kioo kilekile bila kujua mwenzake aliandika nini. Wakitofautiana sana, anaitwa wa tatu. Aliyechoka, au aliyezoea kuandika "hakuna" kwa sababu vioo vingi vya asubuhi ile havikuwa na kitu, anaweza kuharibu kazi ya miaka mitano. Watu wengi kwenye benchi hilo wana stashahada ya maabara. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi zenye dhamana kubwa kuliko zote katika sekta ya afya nchini, na haisemwi vya kutosha.

Fundi wa umeme naye yumo. Sampuli hutunzwa kwenye majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Bagamoyo imejaribu pia chanjo iliyotengenezwa kwa vimelea vizima vya malaria, ambayo huhifadhiwa kwenye nitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya takribani nyuzi 196 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usiku, jenereta isipowaka, sampuli walizotoa watoto wa watu zinapotea, na huwezi kurudi kwa mama kumwambia damu ya mwaka jana imeharibika, tunaomba nyingine.

Na mwanaanthropolojia? Katika miaka ya 1990 watafiti walikwenda Bagamoyo kuwauliza wazazi kuhusu degedege. Hospitali ilijua kwamba mtoto mwenye degedege mara nyingi ana malaria kali na anahitaji matibabu haraka. Wazazi wengi waliona vingine: kwao homa ilikuwa ya hospitali, degedege ilikuwa na asili yake na mganga wake, na iliaminika kuwa sindano ingeweza kumuua mtoto akiwa katika hali ile. Kwa hiyo mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga, na muda ukapita. Dawa zingejazwa zahanati hadi darini bila kumfikia mtoto huyo. Ilibidi akae mtu na akina mama, asikilize bila kudharau, aandike. Ni kazi hiyohiyo inayohitajika pale mtaani panapozuka uvumi wa mumiani kwamba watafiti wanauza damu. Uvumi huo hauzimwi kwa kipaza sauti. Huzimwa na mtu anayeaminika kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, msikitini na kanisani, akaeleza ni vijiko vingapi vya damu vinachukuliwa, vinapelekwa wapi, na kwamba mzazi anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Mzazi asiyejua kusoma husomewa fomu ya ridhaa mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa mradi, ndipo aweke dole gumba.

Mhasibu nimemtaja kwenye kichwa cha habari, na hayumo kwa mapambo. Fedha nyingi za utafiti hutoka kwa wafadhili wa nje, kila mmoja na masharti yake. Masurufu, yaani fedha zinazotolewa mapema kwa ajili ya kazi, yasiporejeshwa na stakabadhi zake, awamu inayofuata inachelewa. Ikichelewa, magari hayatoki na mtoto aliyepaswa kutembelewa siku ya ishirini na nane anatembelewa siku ya arobaini. Kitakwimu huyo ameshapotea. Vivyo hivyo dereva: ndiye anayejua barabara ipi haipitiki masika, na ndiye anayefika mlangoni kwa mtu kabla ya mtafiti kufungua mdomo. Juu ya wote wapo wanaosukuma vibali: kamati ya maadili ya taasisi, kisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kisha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kama ni jaribio la dawa au chanjo, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoko Kijitonyama, kama yumo mtafiti kutoka nje.

Lipo jambo linaloniuma. Ajira nyingi za uwandani hufuata mradi. Mradi ukifungwa, mdadisi, yaani mkusanyaji wa taarifa za utafiti, mwenye uzoefu wa miaka anarudi mtaani, na jina lake haliko kwenye orodha ya waandishi wa makala iliyotokana na kazi yake. Mara nyingi yupo kwenye mstari wa shukrani, tena kwa jumla tu. Taasisi zetu zinaweza kurekebisha hilo kwa kuwaendeleza watu hao kimasomo, na njia ipo: shahada ya uzamili ya utafiti wa afya ya jamii, kwa mfano, imekuwa ikitolewa na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha kwa kushirikiana na Ifakara.

Kwa kijana wa kidato cha nne au cha sita anayetaka kuanza sasa, nafasi za udadisi ndizo mlango wa kwanza. Mara nyingi huhitaji mtu anayeishi eneo la utafiti, anayeandika vizuri na anayeweza kutumia kishikwambi. Matangazo hutoka kwenye tovuti za taasisi zenyewe, na mengine hubandikwa ofisi za kata na serikali za mitaa, kwa hiyo ni vema kupita hapo na kuuliza.